Kabla ya Ruhusa

Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa waraka uliowafungulia watawa wa Kikatoliki mlango wa kusomea ukunga na kuzalisha. Kabla ya siku hiyo mtawa aliweza kusafisha kidonda, kushusha homa na kuosha maiti, lakini kumpokea mtoto anayezaliwa hakuruhusiwa. Mama Kevin, ambaye kwao Ireland aliitwa Teresa Kearney, alikuwa ametimiza miaka 33 Uganda waraka huo ulipotoka. Alifika Nsambya Januari 1903 pamoja na watawa wenzake watano, wakaanza kutibu watu chini ya mwembe. Katika miaka hiyo 33 wanawake walijifungua karibu na mlango wake, na baadhi yao walikufa. Hakukaa akingoja. Alishirikiana na Dk. Evelyn Connolly, daktari mlei ambaye hakufungwa na katazo lile, na kupitia kwake wasichana wa Uganda wakawa wanafundishwa ukunga Nsambya katika miaka ya 1920, wakati mtawa aliyewapikia na kuwalaza bado alikuwa amekatazwa kazi hiyohiyo.

Mimi ni mkunga mstaafu, mzaliwa wa Sop Sop, West Budama, wilaya ya Tororo. Nimesoma historia nyingi za tiba Uganda, na karibu zote zinahesabu madaktari na majengo. Kwetu historia hiyo haitoshi hata kueleza wiki moja ya zahanati. Waliotutibu ni dresa (mfunga vidonda), muuguzi, mkunga, msaidizi wa wodi, na kila mmoja wao, katika kila kizazi, alifanya kazi ambayo karatasi ilisema si yake. Kazi ilitangulia, ruhusa ikafuata, mara nyingine baada ya miaka 30. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika hapa.

Mmoja wa wauguzi wa kwanza wenye mafunzo ya Kizungu kupita upande wetu alipita kabla ya mpaka wa Uganda na Kenya kuwepo. Katharine Timpson alikuwa katika msafara wa Dk. Albert Cook uliotoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Mengo Februari 1897. Njia ya misafara wakati ule ilipitia kwa mtawala Mumia, ikaelekea mto Sio na kuingia Busoga. Nchi yote ile, hadi Bonde la Ufa, ilikuwa Uganda. Jimbo la Mashariki lilikabidhiwa upande wa pili, Kenya ya leo, mwaka 1902, na mstari tunaoujua leo ukaandikwa rasmi mwaka 1926. Wasamia wakajikuta pande zote mbili, Waiteso vilevile. Sisi Jopadhola tulibaki Uganda, lakini mabinti zetu waliolewa ng'ambo na wa huko wakaolewa kwetu, kwa hiyo mama mjamzito wa mpakani amekuwa na nchi mbili za kujifungulia tangu bibi zetu.

Timpson aliolewa na Cook mwaka 1900, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaanzisha Mengo shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon. Jambo aliloliona mapema, na ambalo ninamheshimu kwalo, ni kwamba mkunga atakayesaidia kijijini atakuwa peke yake. Wahitimu wake walitumwa kwenye vituo vidogo vya uzazi, mkunga mmoja na chumba kimoja, na daktari mwendo wa siku. Wengi wao walikuwa wa Buganda, na vituo vyenyewe vilianzia huko. Mashariki tulisubiri zaidi.

Kilichotufikia sisi kwanza ni mwanamume mwenye kaptura nyeupe. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliunda Kikosi cha Waganga Waafrika, kikachukua vijana wa shule kama Budo ili wahudumie wapagazi na askari waliokuwa wakifa kwa kuhara damu kwenye vita vya kule Tanganyika. Vita vilipokwisha, wazo la kijana Mwafrika mwenye bandeji na sindano lilibaki, na zahanati za vijijini zikafunguliwa juu ya mabega ya vijana hao na wengine waliofundishwa baada yao. Babu yangu, mdogo wa babu mzaa baba, alikuwa mmoja wa waliofundishwa baadaye. Kazi yake kwa karatasi ilikuwa kufunga vidonda: kuosha donda ndugu kwa maji ya zambarau, kupaka ayodini, kufunga, kuandika jina. Kwa kweli alikuwa akitibu kila kitu. Alitoa kwinini, aling'oa meno, alipokea waliopigwa mapanga, na alichoma sindano za buba.

Sindano ya buba inastahili kukumbukwa, kwa sababu ndiyo iliyowafanya watu wetu waamini zahanati. Buba iliwafunika watoto vidonda vya uso na miguu, na sindano moja au mbili zilikausha ngozi machoni pa kijiji kizima. Dawa za mwanzo zilikuwa na bismathi na aseniki. Baada ya Vita vya Pili penisilini ikaingia na ugonjwa ukatoweka karibu wote. Babu alisema watu walitembea kutwa nzima kuja kuchomwa, na waliokuja na tumbo au macho walikataa vidonge wakadai sindano. Imani hiyo ilitusumbua sisi wauguzi miaka 50 baadaye, maana bado kuna mama anayeona mtoto wake hakutibiwa kama hakulia kwa sindano.

Baada ya uhuru serikali ya Obote ilijenga hospitali 22 za mashambani, kila moja vitanda 100, na moja ikajengwa Busolwe, jirani zetu. Wasichana wa kwetu wakaanza kwenda shule za uuguzi kwa wingi. Nilipokuwa mtoto, nesi aliyeshuka kwenye basi akiwa na mkanda kiunoni na saa imening'inia kifuani aliamkiwa na wazee waliomzaa baba yangu.

Kisha ukaja mwaka 1972. Waasia walifukuzwa, na wao ndio waliokuwa na maduka mengi ya dawa. Madaktari wa kigeni wakaondoka, na Waganda wengi wenye shahada wakawafuata au wakauawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita vya 1979 vikapita. Nilihitimu ukunga mwaka 1981 na nikapangiwa zahanati ya serikali yenye jengo zuri na kabati tupu. Nilikuta bomba la sindano moja la kioo, sindano zenye ncha zilizochakaa ambazo tulizinoa kwa jiwe, sufuria ya kuchemshia na stovu ya mafuta ya taa isiyo na mafuta. Tulichemsha kwa kuni. Glavu nilizoziona shuleni sikuziona tena kwa muda mrefu. Sabuni, pamba, chumvi na wembe vilitoka Busia upande wa Kenya, kwa magendo, vikabebwa na vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya kizuizi na kizuizi. Boda boda zote mnazoziona leo Kampala na Nairobi zina mizizi kwenye baiskeli hizo za mpakani. Kwetu zilikuwa gari la wagonjwa pia. Mama mwenye uchungu aliketi nyuma kwa upande, mumewe akimshika mgongo, mkunga akikimbia pembeni.

Tulifundishwa kwamba kondo la nyuma likikwama, mama apelekwe kwa daktari. Daktari alikuwa Tororo mjini. Usiku kulikuwa na vizuizi vya askari, na askari wa miaka ile hakutaka kusikia habari za kondo. Kwa hiyo mkunga aliosha mkono hadi kwenye kiwiko, akauingiza, akalitoa. Kila mkunga wa rika langu aliyefanya kazi kijijini amefanya hivyo, na kwenye daftari la uzazi tuliandika tu "kondo limetoka". Nasema haya sasa kwa sababu daftari zile zinaliwa na mchwa, na atakayezisoma atadhani ulikuwa wakati wa uzazi usio na matatizo.

Desemba 1987 askari wa Uganda na Kenya walipigana risasi pale Busia na mpaka ukafungwa. Mpaka ukifungwa, mji unaokula kutoka pande zote mbili hushikwa na njaa siku ya pili, na zahanati hukosa dawa siku ya tatu.

Miaka hiyohiyo malale yalitushukia. Ugonjwa huo uliwahi kuua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne, na uliporudi Busoga kuanzia 1976 ulisogea mashariki hadi ukaingia Tororo mwishoni mwa miaka ya 1980. Tororo haikuwa mgeni wa malale. Kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki kuhusu ugonjwa huo kilikuwa hapahapa tangu enzi za ukoloni. Lakini utafiti ni kitu kimoja, na kumshikilia mwanamume anayeona majini mchana kweupe ni kitu kingine. Nilipelekwa kwa muda kusaidia wodi iliyojaa wagonjwa hao, na niliyojifunza humo hayakuwa kwenye mtaala wowote wa ukunga.

Vijidudu vikishaingia kwenye ubongo, dawa iliyokuwepo ni melasoproli, ambayo ndani yake mna aseniki. Haichanganyiki na maji. Huyeyushwa kwenye kimiminika kizito ambacho huharibu bomba la plastiki, kwa hiyo wakati dunia nzima ilipokuwa ikiacha mabomba ya kioo, sisi tuliyatafuta kwa taa. Bomba lazima liwe kavu kabisa. Sindano huingia kwenye mshipa polepole, na tone moja likitoka nje ya mshipa nyama ya mkono huoza. Mgonjwa huhisi moto ukipita kwenye damu. Na kati ya waliochomwa, mmoja katika kila 20 hivi, wakati mwingine zaidi, aliuawa na dawa yenyewe: alianza kutetemeka, akapoteza fahamu, akafa. Asipochomwa angekufa kwa hakika. Daktari aliandika kipimo, akaenda wodi nyingine. Aliyeshika bomba ni muuguzi, na aliyebaki kitandani usiku ule kuangalia kama mgonjwa ataanza kutetemeka ni muuguzi. Mzee mmoja alinishika kifundo cha mkono kabla sijaanza, akasema, "Musawo, hii ndiyo ile ya kuua?" Nikamwambia, "Baba, hii ni ile ya kuponya, lakini inauma na ina hatari." Akaniachia mkono. Alipona, akarudi kwao kulima mtama.

Ukimwi ulipofika, tulikuwa tena hatuna dawa. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi, mwaka 1987 Kampala, na tawi la Tororo likawa mahali pa kwanza ambapo mtu mwenye virusi aliweza kuketi na kuongea bila kufichwa. Mwaka 2003 ulianza hapa Tororo mpango wa kupeleka dawa za kupunguza makali ya virusi nyumbani kwa wagonjwa kwa pikipiki, kila wiki, na waliopanda pikipiki hizo hawakuwa madaktari wala wauguzi. Walikuwa vijana waliofundishwa kuuliza maswali machache na kujua lini wapige simu. Wataalamu wengi walitabiri kwamba dawa zitatumiwa vibaya vijijini. Wagonjwa walizimeza kwa uaminifu na vifo vikashuka sana. Januari 2008 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuwagawia wauguzi na wahudumu wa jamii kazi zilizokuwa za madaktari. Nilipousoma niliwaza: huku kwetu kazi hizo zimegawanywa tangu enzi za babu.

Kuna ruhusa moja, hata hivyo, ambayo Uganda iliitoa kabla ya nchi nyingi duniani, na ninaona fahari kuisimulia. Dk. Anne Merriman, daktari kutoka Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akiwa na mofini ya maji, unga ulioyeyushwa, ya kunywa kwa kipimo. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi. Lakini sheria ilisema mofini iandikwe na daktari, na saratani ya mlango wa kizazi huwaua wanawake vijijini ambako daktari hafiki. Mwaka 2004 sheria ilibadilishwa: muuguzi na ofisa wa kliniki waliosomea tiba ya kutuliza maumivu, mafunzo ya miezi tisa, wakaruhusiwa kuandika mofini kwa mkono wao.

Ninajua maana ya sheria ile kwa sababu nilikuwa nimeshauguza bila yake. Kabla ya hapo, mwanamke mwenye saratani aliporudishwa nyumbani tulimpa Panadol na maombi. Nakumbuka mama mmoja aliyeuma kanga usiku kucha ili watoto wasimsikie. Baada ya sheria, muuguzi mwenzangu aliyesomea kazi hiyo alikuja na chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa, sasa ina dawa, akamfundisha binti wa mgonjwa kupima kwa bomba dogo kila baada ya saa nne. Siku ya tatu mgonjwa aliomba uji, akauliza kama mihogo imevunwa. Alikufa wiki kadhaa baadaye akiwa anaongea na watu wake. Mashine pekee ya mionzi nchini ilipoharibika Mulago mwaka 2016, na magazeti yakaandika sana, wagonjwa wa mashariki walibaki na msaada uleule waliokuwa nao: muuguzi na chupa yake.

Mfumo wa vituo vya afya uliopangwa mwaka 2000 ulileta karibu nasi jengo ambalo zamani hatukuwa nalo. Kituo cha ngazi ya pili kiliwekwa kwa parokia, watu 5,000 hivi, chini ya muuguzi; cha tatu kwa kaunti ndogo; cha nne, kama Nagongera na Mulanda, kwa watu 100,000. Machi 2001 ada ziliondolewa, na foleni zikatoka mlangoni hadi barabarani. Na malaria ndiyo iliyojaza foleni hizo. Watafiti waliohesabu mbu wa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka. Zaidi ya mara moja kila usiku. Unyunyiziaji wa dawa ukutani ulipoanza mwishoni mwa 2014, wodi za watoto zilipungua wagonjwa kiasi ambacho vijana wanaoajiriwa sasa hawawezi kukiamini.

Lakini kituo cha ngazi ya pili kilichorwa bila vitanda na bila uzazi. Kilikuwa cha wagonjwa wa nje. Mchoraji hakufikiria kwamba mwanamke mwenye uchungu saa nane za usiku atakwenda palipo na taa. Basi wauguzi wa vituo hivyo wamezalisha juu ya meza ya uchunguzi, kwa mwanga wa simu iliyoshikwa mdomoni, na kisha wakaulizwa na msimamizi kwa nini wamezalisha. Serikali sasa inavipandisha vituo hivyo kuwa vya ngazi ya tatu, kimoja baada ya kingine, na vyumba vya uzazi vinajengwa.

Siwezi kuandika yote haya nikawaacha wakunga wa jadi, kwa sababu taaluma yangu iliwatendea kama Roma ilivyowatendea watawa. Miaka ya 1980 na 1990 walifundishwa, wakapewa vifaa vya kuzalishia. Baadaye sera ikageuka na wakaambiwa waache. Ninajua sababu: mama anayevuja damu anahitaji sindano na damu, vitu ambavyo mkunga wa jadi hana, na nimepokea waliocheleweshwa. Ninakubaliana na sera hiyo. Ninachokataa ni namna ilivyotekelezwa, wanawake wazee wakifokewa hadharani na vijana waliozaliwa mikononi mwao. Palipokuwa na busara, mkunga wa jadi alifanywa msindikizaji, akaja na mama hadi chumba cha uzazi, akashika mkono wake. Mama huyo alikuja mapema zaidi.

Juni 2017 wauguzi wa Kenya waligoma, wakarudi kazini Novemba. Miezi hiyo wanawake wa ng'ambo walivuka Busia na Malaba kuja kujifungua kwetu, kama vile wa kwetu walivyovuka kwenda kwao kila dawa zilipokwisha. Hakuna muuguzi aliyewauliza pasipoti. Wauguzi wenyewe hawavuki kirahisi hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Wahasibu na wasanifu majengo wa nchi hizi walitia saini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, wahandisi 2012. Muuguzi aliyesajiliwa Kampala bado anahitaji kusajiliwa upya Nairobi kabla ya kushika mgonjwa aliye ng'ambo ya mpaka, mita 200 kutoka nyumbani kwake. Mpwa wangu, muuguzi wa diploma, ameolewa Busia upande wa Kenya na bado anafuatilia karatasi zake. Kwa sasa anauza nguo za watoto sokoni. Jioni akina mama wa mtaa humletea watoto wenye homa kumuuliza kama wangoje kesho au waende hospitali usiku huohuo, na yeye huwashika shingo, huhesabu pumzi zao kwa dakika nzima, na huwaambia.